Shotgani ya mzee inang'ang'ania maganda, muuzaji anasema tuandikie kiwanda, kiwanda kinasema turudi kwa muuzaji

Kijana_wa_Mufindi

Wakuu habari za saa hizi, na kamwene kwa wa nyumbani. Naomba mawazo yenu maana mi na mzee tumefika mwisho wa akili zetu.

Mzee wangu anamiliki shotgani ya pampu, namba 12, kibali kipo, kitabu kipo, alihangaika toka ofisi ya kijiji mpaka wilayani mpaka mkoani karibu mwaka mzima ndo akaruhusiwa kununua. Tukainunua duka la silaha Dar, mpya ndani ya boksi, hela ya viazi vya msimu mzima iliishia pale. Kazi yake ni nguruwe pori tu, shamba letu la mahindi limepakana na msitu na wale wakiingia usiku mmoja asubuhi unakuta kama trekta limepita. Mara nyingi tunapiga juu kuwatisha, na siku nyingi hata kupiga hatupigi.

Sasa huu mwezi wa kumi toka tununue, ukipiga risasi ya kwanza pampu (kile kishikio cha chini ya mtutu unachovuta ili ganda litoke) hairudi nyuma. Ganda linang'ang'ania mle ndani, mzee anavuta weee mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Wiki ilopita saa nane usiku, mvua ya rasharasha, mi nimeshika tochi, mzee akapiga moja, nguruwe wakakimbia hatua kama thelathini hivi wakasimama wanatuangalia, na bunduki imegoma. Akaishika pampu kwa nguvu akawa anagonga kitako kwenye kisiki, pah, pah, mara ya nne ndo ganda likaruka. Nguruwe washahamia shamba la jirani, na jirani asubuhi kaja kutulaumu sisi.

Kwenye boksi kuna kikaratasi cha waranti, mwaka mmoja, kimeandikwa lugha kibao Kiswahili hakuna. Nikampigia muuzaji, akasema "hiyo waranti ni ya kiwanda, waandikie wenyewe". Nikajaza fomu kwenye tovuti yao (kiwanda ni cha Marekani, jina silitaji), siku ya tatu wakajibu, dada wa kastama kea mpole kabisa, ananiita mteja mpendwa, anaomba seriali namba na risiti na nchi niliyonunulia. Nikatuma vyote. Akajibu kwamba kwa nchi yetu nimuone msambazaji wao. Nikamuuliza msambazaji ni nani, akanitajia duka lile lile!!

Waranti imebaki miezi miwili. Kuna mtu ashawahi kudai akapata? Naweza kuituma Marekani? Na kama haiwezekani, huku Iringa au Mbeya naanzia wapi?

Ulanzi_wa_Asubuhi

Rudini kwenye gobore. Gobore halina waranti na halina ganda la kung'ang'ania 😂😂

Mtukuyu_Texas

Pole mkuu. Mi kwetu Tukuyu ila niko huku Texas mwaka wa nane, nafanya kazi duka la vifaa vya michezo, nipo kaunta ya uvuvi lakini kaunta ya bunduki iko hatua tano toka nilipo kwa hiyo hizi kelele za waranti nazisikia kila siku ya Mungu.

Huku bunduki ikimzingua mtu anapiga simu namba ya bure, anaeleza, wanamtumia lebo kwa imeili, anaibandika kwenye boksi, inaenda kiwandani na inarudi mpaka mlangoni kwake bila kupita dukani, sheria ya huku inaruhusu hivyo ikiwa ni matengenezo. Ndo maana unaona watu wa huku wanasifia kastama kea mpaka unatamani. Ila huo utaratibu ni wa mtu aliye ndani ya mipaka yao. Wewe wa Mufindi unatakiwa upate kibali cha kuitoa Tanzania, kibali cha kuiingiza huku, ikishatengenezwa ipate leseni ya kutoka Marekani (siku hizi nyingi za kiraia ziko Wizara ya Biashara, kabla ya 2020 nyingi zilikuwa Mambo ya Nje), alafu kibali kingine cha kuiingiza tena nyumbani. Yote hayo kwa kichuma cha kuvutia ganda, ukubwa wa ukucha. Huyo dada hajakudanganya mkuu, hana tu namna ya kukusaidia akiwa pale alipokaa.

Na msidhani waranti zote ni moja. Glock kwa soko la huku anaandika mwaka mmoja. Smith & Wesson bastola zake anazihudumia maisha lakini kwa mnunuzi wa kwanza tu, ukiuza imeisha. Ruger ndo kichekesho, kwenye kitabu chake kakuandikia wazi kwamba hatoi waranti ya maandishi kabisa, kwasababu kuna sheria yao ya 1975 inaitwa Magnuson-Moss inasema ukiandika waranti lazima useme ni kamili au ina mipaka na ufuate masharti yake, jamaa akaona bora asiandike kitu. Na bado ukimpigia anatengeneza, na pale kaunta nasikia anasifiwa kuliko wenye makaratasi marefu. Upande wa darubini Vortex na Leupold ndo wamejitoa, maisha yote, hata kama uliinunua mkononi kwa mtu.

Alafu kuna Remington, kampuni ya zaidi ya miaka 200, ikafilisika 2018 ikafilisika tena 2020 ikauzwa vipande vipande. Marlin, watengeneza raifo, ilikuwa mali yao, akainunua Ruger, na Ruger akasema zile Marlin zilizotengenezwa enzi za Remington yeye hahusiki nazo. Kuna mzee alikuja pale kaunta na Marlin yake amekunja na risiti, akasoma barua ya kukataliwa mara mbili akaikunja tena akaondoka. Kwa hiyo mkuu hata huku kwenye asali nyuki wapo.

Mzee_wa_Msembe

Vijana hamjambo. Mimi ni mstaafu wa Maliasili, nimebeba bunduki Ruaha miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu humu.

Kijana wa Mufindi, nimesoma hapo pa kugonga kitako kwenye kisiki nikaiacha chai mezani. Mwambie baba yako asirudie. Akigonga vile mdomo wa mtutu unamwangalia yeye kidevuni, na usiku huo wenye mvua nani alihesabu zimebaki ngapi kwenye mrija wa risasi? Ikikwama ielekeze chini kwenye udongo mbali na watu, kidole nje ya triga, ihesabu kama ina risasi mpaka uione chemba, pale risasi inapokaa, ni tupu kwa macho yako. Nguruwe waache wale.

Kabla hujawaandikia tena hao wa Marekani nijibu mambo haya. Risasi mnazotumia kitako chake ni cha shaba kweli au ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba? Usiangalie rangi, chukua sumaku. Kile cha chuma kikipata moto wa baruti kinatanuka na hakirudi vizuri kama shaba, kinabana kwenye chemba. Za bei nafuu nyingi ndizo hizo. Shaba inatanuka na kunywea, inatoka.

Pili, soma ubavuni mwa mtutu pameandikwa 12-70 au 12-76 (hiyo 70 au 76 ni urefu wa chemba kwa milimita), alafu soma boksi la risasi. Risasi ndefu kwenye chemba fupi inaingia vizuri tu kwasababu mdomo wake umekunjwa, ikilipuka mdomo unafunguka na hauna pa kufungukia. Hapo siyo suala la kukwama tena, ni hatari.

Tatu, bunduki inalala wapi? Najua Mufindi. Ukungu mpaka saa tano asubuhi, nguo haikauki siku tatu. Kama mmeitunza ndani ya lile kava lenye sponji, lile kava linakunywa unyevu na kuutunza. Kama haina risasi kabisa, imulike chemba kwa tochi toka nyuma. Ukiona madoa ya kahawia kama majani ya chai yameganda, ndiyo kutu, na ganda linang'ang'ania hapo hapo. Waranti ya kiwanda chochote nilichowahi kusoma hailipi kutu.

Na ile kulabu ndogo inayovuta ganda, iangalie kama imejaa masizi chini yake, ikikosa nafasi ya kubonyea haishiki.

Kijana_wa_Mufindi

Shikamoo mzee. Nimemsomea mzee wangu maneno yako yote, hapo pa kidevu alinyamaza kidogo alafu akasema "huyo anajua kazi".

Mzee alifungua bunduki mwenyewe mi nikaleta vifaa. Sumaku nimetoa kwenye spika ya redio mbovu, nikaisogeza kwenye ganda, likaruka likaganda tap! Tuna maboksi matatu ya hizo, yote ni chuma, na rangi inang'aa kama pete ya harusi. Mtutu umeandikwa 12-76 na risasi ni 70, hapo nadhani tuko salama. Kava ndo hilo la sponji ulilosema, na limewekwa uvunguni mwa kitanda kwenye sakafu ya saruji. Mle ndani madoa yapo machache, siyo mengi ila yapo. Mzee alikuwa anapaka mafuta ya cherehani nje tu, ndani alikuwa anajua pako sawa.

Lakini mzee naomba kuuliza, risasi nazo tumeuziwa duka lile lile na bunduki. Si walitakiwa kutuambia?

Fundi_Makambako

Unajichosha bure dogo. Hapa stendi Makambako kuna mchomeleaji ananisaidiaga vitu vingi, kwenye hiyo kulabu anaongezea nyama kidogo kwa kuchomelea alafu anainoa kwa jiwe, elfu kumi tu umemaliza. Waranti za wazungu ni za wazungu.

Mama_Stoo_Uyole

Wewe Fundi acha kumponza mtoto wa watu. Mimi natunza stoo ya silaha kwenye kampuni ya ulinzi hapa Mbeya, ngoja niseme vizuri.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haimruhusu kila mwenye mashine ya kuchomelea kutengeneza bunduki, kutengeneza silaha ni kazi ya mwenye leseni ya hiyo kazi. Ukimwachia mchomeleaji bunduki "nakuja kuichukua jioni", umemkabidhi silaha mtu asiye na kibali, na hapo nyote wawili mna kesi. Tena kulabu ni chuma kilichopikwa, ukikipiga moto ugumu wake unaisha, kitashika wiki mbili kitanyooka. Na siku kiwanda wakiona alama ya jiwe la kunolea ndo umewapa sababu ya kukukatalia, hilo wanaliandika wote, ukiibadilisha chochote waranti basi.

Mdogo wangu wa Mufindi, swali lako la mwisho ndo lenye hela ndani yake. Nyie mnagombana na kiwanda wakati mliyempa hela ni muuzaji. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, haijui habari za Marekani, inamtaka aliyekuuzia akupe kitu kinachofaa kwa kazi uliyomwambia unakinunulia. Mlimwambia ni ya nguruwe, akawapa na risasi za kwenda nayo. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, mnayo? Kama mnayo mwandikie barua siyo simu, simu haiachi alama. Weka seriali namba, tarehe mliyonunua, aina ya risasi na namba ya boksi lake, eleza linakwama baada ya risasi ya ngapi, ambatisha picha ya ganda lililokwama na picha ya kulabu. Usiandike hasira. Na nakala tuma kwa yule dada wa kiwandani ukimwambia "msambazaji wako huyu hapa, naomba umtumie kulabu na springi yake". Yeye hawezi kukutumia wewe ila duka lina akaunti kwake, na spea inasafiri kwa njia yake bila bunduki kutoka Mufindi. Wakigoma kabisa kuna FCC (Tume ya Ushindani), Sheria ya Ushindani ya 2003 imewapa na kazi ya kumlinda mlaji, ingawa mara nyingi ukiitaja tu kwenye barua muuzaji anakumbuka kwamba kumbe spea anazo kwenye droo.

Sisi shotgani yetu moja ilipasuka kitako, cha plastiki, kimepasuka chenyewe pale kwenye skrubu. Kiwanda nacho silitaji. Imeili ya kwanza wakaniuliza kama nimejaribu kuikaza. Nikawapigia picha nimeweka na rula pembeni ya ufa, wakakubali siku hiyo hiyo! Ile rula ndo iliwanyamazisha. Ila kufika kilifika baada ya miezi minne, na kilikuja cha rangi ya madoa ya majani, bunduki yenyewe nyeusi. Mlinzi anayeshika zamu nayo wenzake wanamwita kambale mpaka leo.

Jambo moja nisisahau, bunduki ikihitaji kupelekwa popote anaipeleka mzee mwenyewe na kibali chake, siyo wewe. Kibali kina jina lake na picha yake. Ukisimamishwa pale Kitonga na shotgani ya baba yako kwenye buti utaeleza habari za waranti mpaka koo likauke. Na akikabidhi kwa fundi mwenye leseni achukue karatasi ya makabidhiano yenye seriali namba, hata kama wanafahamiana.

Fundi_Makambako

Sawa mama nimekuelewa, nilikuwa nachangia tu.

Isimani_Kavu

Naingilia kidogo wakuu, marehemu mjomba aliacha raifo nzuri ya Ulaya na boksi lake na kadi ya waranti, nikirithi na waranti narithi?

Mama_Stoo_Uyole

Wewe kwanza hiyo raifo iko wapi sasa hivi? Kama iko kabatini kwa shangazi, ipelekwe polisi kesho asubuhi, mwenye kibali akifariki bunduki haikai nyumbani ikisubiri kikao cha ukoo. Utaomba kibali chako wewe, ukipata ndo uje tuongee waranti. Na nyingi zinamfuata mnunuzi wa kwanza, Mtukuyu kashaeleza hapo juu.

Mtukuyu_Texas

Naunga mkono suala la rula 😀 hapa kaunta wanawaambia wateja vile vile, picha yenye kipimo na vidio ya sekunde ishirini inashinda imeili ya kurasa mbili. Na mkuu usiandike "bunduki yenu mbovu". Andika lini, mara ngapi, kwa risasi gani. Huyo dada anajaza fomu kwa ajili ya fundi aliye chumba kingine, mpe cha kujaza.

Ila kuhusu zile risasi za chuma jiandae, watakuuliza na wewe umeshaijua sababu, usifiche. Huku ukisema ulitumia risasi za kujazwa nyumbani mazungumzo yanaishia hapo hapo. Za dukani zenye kitako cha chuma sijaona wakizikataa, ila watakuambia ujaribu aina nyingine kwanza.

Kijana_wa_Mufindi

Marejesho wakuu, samahani nimechelewa, umeme huku ulikuwa shida na mvua.

Chemba tumeisugua na brashi ya waya wa shaba, mzee mwenyewe alisugua kama anasafisha sufuria ya ugali, tukafuta na kitambaa kikatoka cheusi mara nne, ya tano kikatoka safi. Kulabu chini yake kulikuwa na uchafu mgumu kama nta, nikautoa kwa kijiti cha kiberiti. Kava la sponji tumelianika juani na halirudi tena kwenye bunduki, sasa inakaa wima kwenye lile kabati la chuma lenye kufuli ambalo mzee alilitengenezea wakati wa kuomba kibali.

Tukapata boksi moja la kitako cha shaba kwa tabu, sumaku ikateleza. Juzi usiku walikuja tena, mzee akapiga mbili juu, maganda yakaruka yote mpaka moja likanigonga sikio. Jana yake alikuwa amejaribu zile za chuma tatu, mbili zimetoka moja ikang'ang'ania, kwa hiyo kulabu nayo ina lake.

Barua nimeandika kama Mama Stoo alivyosema, na rula nimeweka. Muuzaji kapiga siku ya pili anaongea kwa upole nikadhani ni mtu mwingine. Kakubali kuagiza kulabu na springi kwa jina la waranti, na atabadilisha maboksi mawili ya risasi ambayo hatujafungua, lile lililofunguliwa kagoma na hapo sikubishana sana. Kiwanda nao wamenitumia imeili, nikajua ni majibu, kumbe wanauliza huduma yao naipa nyota ngapi. Mzee anauliza nyota za nini.

Mzee_wa_Msembe

Vizuri kijana. Muuzaji akikuletea hizo risasi za kubadilisha nenda na ile sumaku ya spika, ipitishe boksi kwa boksi hapo hapo mbele yake kabla mzee hajasaini. Na zile za chuma zilizobaki kwenye boksi lililofunguliwa msizitupe shambani wala shimoni, zihesabuni zibaki kabatini, siku ya ukaguzi hesabu isije ikapungua.

Huko kwenye kabati weka mkaa mkavu kwenye mfuko wa kitambaa, ubadilishe kila wiki mbili mpaka mvua ziishe.